Nilivyowaimba Wake za Watu

Nimeacha kazi mwaka huu, na hakuna aliyenifanyia sherehe. Karani akistaafu, wenzake humpa saa. Nyapara akizeeka, bwana wa shamba humpa koti lake kuukuu. Mimi sikuwa na bwana wala wenzangu, kwa hiyo nilichofanya ni kulegeza nyuzi nane za nyatiti yangu, kinubi cha Wajaluo, kuzikunja na kukaa chini. Viungo vya vidole vimevimba, na kidole gumba cha mguu wa kulia, kile kinachovaa pete ya chuma na kugonga mti wa nyatiti ili mdundo upatikane, hakisikii tena kitu hata ukikidunga mwiba.

Vijana wanaoanza kazi hii hunijia hapa Chepseon wakiniuliza, mzee, pesa ulizipataje, jina ulilipataje? Hayo siyaandiki. Pesa zilikwisha zamani, na jina watu wameshaanza kulisahau. Nitaandika yale ambayo mimi mwenyewe sikuambiwa na mtu.

Aliyenifundisha ni mzee Obuya, jirani yetu kule chini karibu na ziwa. Alinifundisha kuchagua ngozi isiyo na kovu, kusokota mishipa ya ng'ombe iwe nyuzi, na kukaa kwenye kigoda kifupi hata kama mwenye nyumba amekuletea kiti kizuri. Alinifundisha pia desturi yetu, na desturi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mpiga nyatiti anapoimba, yeyote anaweza kusimama akaweka senti juu ya ngozi, na papo hapo nyuzi zinanyamaza. Huyo mtu anajisifu mbele ya watu: mimi fulani, mtoto wa fulani, mpenzi wangu ni fulani, na nikipita njia inajua. Akimaliza, mpiga nyatiti anazichukua zile sifa, anazipamba, anamrudishia kwa wimbo. Wajaluo tunaiita pakruok. Ukiwekewa senti huna ruhusa ya kukataa, hata kama aliyeweka ni mwongo wa kupindukia, na wengi walikuwa waongo.

Obuya alikuwa na amri moja, akiirudia mpaka nikaichoka. "Hii ngozi ni ya waliokuzunguka," alisema. "Usijisifu juu yake. Usimsifu mkeo, usiisifu nyumba yako. Siku ukianza kuimba mambo yako, watu wataondoka."

Nikamwambia sina mke.

"Utampata," akasema. "Ndipo utaona taabu."

Nilipanda juu nikiwa kijana, miaka ile mashamba ya chai yalipokuwa bado msitu. Gari moshi lilinishusha Londiani, nikatembea mpaka Kericho nimebeba nyatiti mgongoni ndani ya gunia. Niliandikwa kukata miti na kung'oa visiki. Baridi ya huko sikuwahi kuiona. Asubuhi mikono haikunjiki, na saa za alasiri mvua inashuka kama iliyoitwa kwa jina. Jumapili yangu ya kwanza kambini nilitoa nyatiti kwenye gunia nikakuta nyuzi zote zimelegea kama tambi zilizopikwa. Nilizikaza, zikalegea tena. Mpaka nilipogundua kuitundika juu ya moto wa kupikia, mbali kidogo ili ngozi isipasuke, nilikuwa nimeshachekwa na kambi nzima. Ninyi mnaokuja huku kutoka joto la ziwani, likumbukeni hilo kabla ya wimbo wowote.

Shida ya pili ilikuwa watu. Nyumbani kila mtu anajua pakruok ni nini. Kambini tulikuwa Wajaluo, Waluhya, Wakisii na Wakipsigis wachache, na Kiswahili chetu kila mmoja alikivunja alipotaka. Niliimba Kijaluo, robo ya watu wakatikisa vichwa, waliobaki wakawa wanatazama mguu wangu tu. Nikageukia Kiswahili. Nikawaeleza desturi: weka senti, sema wewe ni nani. Mwishowe Mluhya mmoja aitwaye Wekesa, mtu mkubwa mwenye aibu, akasimama akaweka senti yake.

"Mimi Wekesa," akasema. "Nyumbani ni mbali."

Akakaa. Hizo tu ndizo zilikuwa sifa zake. Nilizichukua zilivyo, nikaziimba mpaka jua likaingia, na wanaume wakaja mmoja mmoja kuweka senti na kutaja makwao. Siku hiyo nilijua nitaishi kwa kazi hii. Nilijua pia kwamba waliokuja kunisikiliza hawakuja kucheza ngoma. Walitaka kusikia mtu akiwataja majina.

Tikiti yangu ya kazi ilipokwisha sikuandikwa tena. Wenzangu walidhani nimerukwa na akili. Kumbukeni siku zile kila mwanamume alivaa kipande, cheti chake cha kazi, shingoni, na kipande kisicho na saini ya bwana ni safari ya kwenda kwa askari. Nilikamatwa njiani kwenda Sotik.

"Bwana wako nani?" askari akaniuliza.

"Sina bwana. Ninapiga nyatiti."

"Kila mtu iko na bwana," akasema, na wala hakuwa na hasira. Alinihurumia tu, nadhani.

Nililala ndani mpaka bwana wa shamba mmoja akaandika barua kwamba ananijua, niachwe nipite, maana aligundua nikipiga kwenye kambi yake Jumapili, Jumatatu watu wake wanaamka wakiwa hawajalewa. Baada ya hapo nilipita nilipotaka. Lakini sikilizeni vizuri: kupita kuliruhusiwa, kukaa hakukuruhusiwa. Nyumba za kambini ni za walioandikwa. Mimi nilikuwa mgeni wa kila nyumba. Leo nalala kwa huyu, kesho kwa yule, na kila mmoja ananikaribisha kwa moyo mweupe, na hakuna hata msumari mmoja ukutani ulio wangu wa kutundika nyatiti.

Watu hudhani siku ngumu ya kazi hii ni Jumapili. Siyo. Siku ngumu ni Jumatatu. Jumapili una watu wa kukujaza masikio, kila mmoja anakuita. Jumatatu kengele inalia, wote wanaingia kwenye chai, na wewe unabaki peke yako kambini na mbwa na moshi wa jana. Unakaza nyuzi. Unafua shati. Huna wa kuzungumza naye, na unajua habari za ndani za watu wote hao: nani anampenda nani, nani ana mtoto aliyekufa, nani hataki kurudi kwao na kwa nini. Wao habari yako wanaijua moja tu, kwamba utakuja tena mwisho wa mwezi. Nilikuwa na marafiki mamia na sikuwa na hata mmoja wa Jumatatu.

Labda mmoja. Njia ya kwenda Chebunyo ilinipitisha kwa Mkipsigis aitwaye Arap Too, mfugaji, aliyenikinga na mvua siku moja na tangu hapo nikawa nalala kwake kila nikipita. Naye alikuwa na chombo cha nyuzi cha kwao, kidogo kuliko changu. Nilipomwomba tufuatane kambini tupige pamoja alitikisa kichwa.

"Mimi hapana pigia watu," akaniambia. "Mimi napigia mama ya watoto tu. Watu ni mingi, itamaliza mimi."

Nilimwona mshamba. Nilikuwa bado kijana.

Awino nilimwoa nikiwa tayari nina jina kambini. Alikuwa binti wa kijiji cha pili kutoka kwetu, mrefu, mwenye maneno machache na yote ya kweli, jambo ambalo si raha kuishi nalo. Nilimwacha kwa mama yangu nikarudi juu. Kila nikienda nyumbani kulima au kuzika mtu, alikuwa na swali moja.

"Nitakuja lini kukaa na wewe?"

"Nikipata nyumba."

"Andikwa, upewe nyumba ya kambi."

"Nikiandikwa, Jumapili zangu zitakuwa za shamba. Nyatiti itakufa."

"Haya," alisema kila mara. Mtu wa maneno machache akisema haya, jua hajakubali.

Mambo yakaenda hivyo hadi nilipopata chumba hapa Chepseon, nyuma ya duka. Kilikuwa kidogo na kilivuja, lakini kilikuwa changu. Nikanunua kitanda cha kamba na sufuria, nikamtuma mtu aliyekuwa akirudi ziwani amwambie mke wangu aje. Akaja, na gunia la mtama kichwani na kuku mmoja kwapani. Niseme wazi, kwa kuwa hakuna tena wa kunicheka: siku ile nilifurahi kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu.

Kazi yenyewe ikanitoa nyumbani tena. Mpiga nyatiti hawezi kukaa. Mashamba yanalipa kwa siku tofauti, na ukikosa kambi moja mwezi mmoja, watu wanamzoea mwingine. Niliondoka Ijumaa, nikarudi Jumanne, mara nyingine wiki ikapita. Awino alibaki katikati ya watu ambao lugha yao haijui, kwenye baridi, na yule kuku.

Wakati huo wimbo wangu mkubwa ulikuwa wa Sara. Ogola, mbeba kuni wa kiwandani, alimpenda Sara, aliyekuwa akiuza uji karibu na kambi, naye hakuwa na mdomo wa kumwambia. Jumapili moja akaweka senti, akamtaja, akaketi upesi. Nilimtungia Ogola wimbo ambao hata mimi niliuogopa kwa utamu. Sara aliolewa naye kabla mvua haijabadilika. Basi wimbo ukatoka kambini, ukapanda magari ya ng'ombe, ukafika Londiani na Sotik. Wachuma chai waliuimba mashambani, wapita njia wakauimba mbele ya dirisha langu.

Jumanne moja nimerudi, nimelowa chapachapa, Awino akanipa chakula akakaa mbele yangu.

"Watu wote hapa wanaimba Sara," akasema.

"Ni wa Ogola huo."

"Najua. Sara mwenyewe nimekutana naye. Mwanamke mzuri, alinijazia kibuyu uji." Akangoja nimalize tonge. "Na wangu uko wapi?"

Nikamweleza amri ya Obuya. Nilimweleza kwa fahari, kama mtu anayeeleza siri ya ufundi wake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Obuya amekufa," akasema. "Nilidhani unajua. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea chakula. Alikuwa peke yake kwenye ile nyumba mpaka siku ile."

Sikujua. Nililala vibaya, na Ijumaa nikaondoka tena, maana ilikuwa wiki ya mshahara.

Jumapili hiyo kambi ilijaa kuliko kawaida. Mvua haikuja. Nilikuwa katikati ya wimbo nilipomwona Awino ameketi na wanawake, miguu imejaa vumbi jekundu. Alikuwa ametembea kutoka Chepseon. Moyo ulinifurahi, nikapiga kwa maringo zaidi, kama mtu anayetazamwa na wakwe. Watu wakaitisha Sara. Nikawapa Sara. Ogola akacheza na mkewe, wanawake wakapiga vigelegele.

Awino akasimama. Akapita kati ya watu, akaweka senti juu ya ngozi. Nyuzi zikanyamaza.

"Mimi Awino," akasema. "Niliolewa na huyu mtu wa nyatiti. Nyumba yangu iko Chepseon, nyuma ya duka. Kila mwanamke hapa ana wimbo wake. Mimi sifa yangu ni kwamba ninangoja vizuri."

Akarudi akakaa.

Watu walidhani ni mchezo tuliopanga. Wakacheka, wakanitazama, wakingoja nimrudishie sifa zake kama nilivyomrudishia kila mtu. Nilianza kupiga. Vidole vilikwenda vyenyewe, mguu ukagonga, na mdomo ukafunguka, na hapakuwa na kitu. Huenda ilikuwa amri ya Obuya iliyonizuia. Huenda ni kweli sikuwa na kitu, maana maneno yote nilikuwa nimeyagawa: macho yake niliyaweka kwa Sara, mwendo wake niliuweka kwa mchumba wa karani fulani, kicheko chake kikaenda kwa mke wa dereva. Nilipiga nyuzi tupu, nikazunguka, nikapiga tena. Kicheko kikaisha. Wengine wakaanza kutazama chini. Mtu mmoja nyuma, nadhani alitaka kuniokoa, akaita, "Sara! Turudie Sara!"

Nikarudi kwa Sara.

Njiani tukirudi nilimwambia nitamtungia, anipe wiki moja tu. Alitembea mbele yangu bila kugeuka.

"Nilishaweka senti," akasema. "Mtu usiyemjua hata kidogo, akiweka senti, unamwimba. Mimi niliweka, ukaninyamazia."

"Watu walikuwa wengi, Awino."

"Kwako watu ni wengi siku zote."

Hakunitukana, wala hakulia mbele yangu. Keshoye alikunja vitu vyake. Nilimsindikiza mpaka stesheni ya Londiani na tulizungumza habari za mtama, kama ulipandwa au la. Ng'ombe wa mahari walirudishwa baadaye na wazee, na nikasikia ameolewa ng'ambo ya ghuba ya ziwa, mahali nisipojulikana. Mimi kambini nilikuwa na jina la kupewa, Nyuzi Nane, na wengi hawakuwahi kulijua jina langu la nyumbani.

Nikaendelea kupiga. Ningefanya nini? Ila kuanzia hapo nilikuwa natunga wimbo mmoja nikitembea. Kila kipande cha njia kina mstari wake: kibonde kabla ya Sotik kina shingo yake, mlima wa kwenda Londiani una namna yake ya kusema haya. Niliufanyia kazi miaka, nikitoa neno, nikirudisha neno. Wimbo wa mtu ukiufanya kwa senti unakwisha alasiri moja. Huu haukuwa na mwisho, maana hapakuwa na wa kuuwekea senti nyuzi zinyamaze. Mara moja tu niliupiga kwa sauti, kwa Arap Too, tukingoja mvua ipite. Mkewe alikuwa akikamua mlangoni, akaacha kukamua.

"Hii ni ya nani?" Arap Too akauliza.

"Ya mtu."

"Kwa nini hapana pigia yeye?"

"Hayuko."

Akachukua chombo chake akampigia mkewe, taratibu, na mimi nikatoka nje nikasimama kwenye mvua. Sikuona aibu. Niliona wivu, na wivu wenyewe ulikuwa mkali.

Sasa nije kwenye Jumapili ambayo nadhani ndiyo iliyonistaafisha, ingawa vidole navyo vilikuwa njiani. Ilikuwa kambi kubwa ya upande wa Kericho. Wageni walikuwa wamepandishwa mwezi ule kutoka ziwani, bado wanatetemeka kwa baridi, nyuso zile zile nilizoziona siku ya Wekesa. Mmoja wao akaja mbele, mtu mzima wa rika langu, mpole, koti lake limeshonwa kwa uangalifu na mkono unaojua kushona. Akaweka senti. Nikanyamazisha nyuzi.

"Mimi Okelo," akasema. "Nimetoka ng'ambo ya ghuba. Mimi sina sifa, mimi ni mtu wa kulima tu. Namtaka mke wangu asifiwe. Anaitwa Awino. Mrefu. Haongei sana. Nimemwacha nyumbani na watoto, na sijui mtu kama yeye atasifiwaje, kwa sababu akisikia sifa za uongo hucheka."

Akataja baba wa mkewe na kijiji alikotoka mkewe, na kijiji hicho kilikuwa cha pili kutoka kwetu.

Mnajua desturi. Senti ikishawekwa, huna ruhusa ya kukataa.

Nikaupiga wote. Sikuruka mstari. Niliimba shingo na mwendo, niliimba mtama kichwani na vumbi jekundu miguuni, niliimba jinsi anavyosema haya na anavyongoja, na kila mahali palipokuwa na jina langu nikaweka Okelo. Watu hawakucheza. Hata watoto walikaa. Nilipomaliza Okelo alikuwa amesimama palepale, amevua kofia, anapangusa macho bila kujificha.

"Mzee," akaniambia, "ni kama unamjua."

"Ndiyo kazi yetu," nikamjibu.

Akaweka senti nyingine, akaomba nirudie, ili aushike vizuri, siku akienda nyumbani amwimbie. Nikaurudia polepole, mstari kwa mstari, mpaka akaujua wote.